Miti Ambayo Upepo Hauijui

Siku ile nilitaka kumrushia mtu kiti. Kilichonizuia ni kwamba kiti cha karibu, mama yangu alikuwa amekikalia.

Tulikuwa Kalemie, katika biro, ofisi moja ya serikali inayoshughulika na mambo ya misitu, na bwana wa biro alikuwa akitusomea karatasi kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo baada ya misa. Karatasi ilisema kilima kilicho nyuma ya kijiji chetu, upande wa Mpala, hakijawahi kuwa msitu. Kilikuwa nyika ya majani tangu zamani za zamani. Miti iliyopo leo ni vichaka vya juzi tu, vilivyojiotea wakati watu walipokimbia vita. Kwa hiyo ombi la wanakijiji, la kuandikiwa kilima kiwe msitu wao wa kutunza, halikuwa na mguu wa kusimamia. Kilima kilikuwa wazi, na kingeweza kupewa mradi wa kupanda miti. Mikaratusi! Wafyeke miti ili wapande miti.

Mama alizaliwa chini ya kilima kile. Mizinga yake ya nyuki imetundikwa mle, na ya mama yake ilitundikwa mle. Alikuwa amekuja kwa boti kutoka kijijini, amevaa kikwembe chake cha kanisani, ametumwa na wenzake kwa sababu yeye ndiye mwenye mtoto aliyesoma. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya mapaja.

"Papa," akamwambia bwana wa biro, "hiyo maneno ya kwamba hakukuwa miti, njo nani aliona?"

"Mama, hakuna aliyeona. Ni sayansi. Wamesoma matope."

Mama akanigeukia polepole. Alijua, na mimi nilijua, na yule bwana wa watu peke yake ndiye hakujua, kwamba matope yale niliyahesabu mimi.

Acha nijieleze, maana asiyenijua ataniona mshenzi wa kurusha viti. Papa yangu alikuwa mtu wa reli, kwa hiyo nililelewa mjini na kusomeshwa mjini, na likizo mama alikuwa akinipeleka kwao kijijini; baada ya Papa kustaafu na kufariki, yeye alirudi huko kabisa. Nilisoma biolojia. Nikapata kazi katika maabara moja ndogo hapa mjini, chumba kimoja chenye hadubini mbili na sinki lenye bomba lisilotoa maji. Siku moja akaja mtaalamu kutoka mbali, mtu mpole, mwenye kofia, akasema anataka kujua eneo letu lilikuwaje zamani. Nilimpeleka mimi mwenyewe. Mimi mwenyewe nilimwonyesha kinamasi kilicho chini ya kilima, pale wanawake wanapoloweka mihogo.

Kazi yao ni hivi. Wanasukuma bomba refu ndani ya matope ya kinamasi, wanalivuta, na matope yanatoka marefu kama muhogo usiokatika. Ya juu ni ya jana. Ya chini kabisa ni ya wakati ambao hata nkambo wa nkambo zetu, bibi wa bibi zetu, hawakuwapo. Ndani ya matope hayo mna chavua, ule unga wa maua unaokupaka pua ukinusa ua. Maji yanaweza kuozesha jani, yanaweza kuozesha samaki na mtu, lakini ganda la chembe ya chavua haliozi. Kwa hiyo unachukua kijiko cha matope, unakiosha kwa dawa kali mpaka kila kitu kimekufa isipokuwa chavua, unaweka tone chini ya hadubini, unaanza kuhesabu. Kila mmea una umbo lake la chembe. Unahesabu mpaka ufikie idadi uliyopangiwa, unasimama, unachukua kijiko kingine.

Niliifanya kazi hiyo miezi mingi, shingo ikaniuma mpaka nikawa nalala bila mto. Na nilihesabu nini? Majani. Majani, majani, majani ya nyika. Mara chembe ya mti fulani wa baridi unaoota huko juu Kirungu, kwenye milima ya Marungu, safari ya siku nzima na zaidi. Halafu majani tena. Mara mojamoja, chembe ndogo ya mviringo ambayo haikuwamo katika kitabu cha picha alichotuachia mtaalamu. Kitabu kilitengenezwa mahali pengine, kwa mimea ya mahali pengine. Chembe hizo niliziandika kwenye safu ya mwisho, iliyoandikwa juu yake: zisizojulikana. Kisha nikaenda kunywa chai.

Zisizojulikana! Mimi, mtoto wa mwanamke wa nyuki!

Tulipotoka biro siku ile nilimpeleka mama nyumbani kwangu, nikampikia mikebuka na ugali, akawa anachambua samaki bila kula. Ilikuwa mchana, jua kali, ziwa linameta hata ukifumba macho. Akasema, "Haya, nielezee. Lakini nielezee kama unaelezea muntu, usinielezee kama unaelezea biro."

Nikamweleza. Bomba, matope, unga wa maua, majani mengi, miti hakuna. Akasikiliza, akauliza swali moja tu.

"Ile unga, inafikaje mu matope?"

"Upepo, mama. Upepo unaipeperusha, inaanguka juu ya maji, inazama."

Mama akaweka samaki chini. Halafu akacheka, na kile kicheko sikukipenda.

"Mutoto wangu. Muputu inatumia upepo? Mutondo inatumia upepo? Weye umekaa chini ya mutondo ukiwa mudogo, maua imefunguka, nyuki wanalia mpaka haumusikii mwenzako. Sasa kazi ya wale nyuki ilikuwa nini? Kuimba?" Akafuta vidole. "Wanasema fuata nyuki ule asali. Weye ulienda kuuliza upepo habari ya nyuki."

Nilikaa pale na mwiko mkononi. Wacha niseme ukweli, nilijisikia mtu wa hovyo kabisa. Maana jambo lenyewe nilikuwa nimelisoma shuleni, nikalijibu katika mtihani, nikapata alama, nikalisahau. Majani ya nyika hayana nyuki wala rafiki. Yanamwaga unga wao hewani bila hesabu, debe kwa debe, yakitumaini kwamba kidogo kitamfikia jirani. Ule mti wa Kirungu ni vilevile, unga wake unapanda upepo na kuvuka milima. Lakini miti ya kilima chetu haimwagi ovyo. Inatoa unga kidogo, wenye kunata, inaweka na asali kidogo ya kuitia nyuki, na nyuki anaubeba unga mguuni mpaka kwenye mti mwingine. Mingine inangoja popo. Kinachobaki kinaanguka na ua chini ya mti, kinaoza kichakani, hakifiki kinamasini. Kwa hiyo msitu mzima wa muputu na mutondo unaweza kusimama miaka na miaka kando ya maji, na maji yasiandike hata mstari mmoja. Mti wa Kirungu, ambao hakuna aliyewahi kuuona Mpala, ukaandikwa. Mti unaompa mama kivuli, haukuandikwa.

Na mimi nikatia sahihi yangu chini ya hesabu.

Kesho yake nilimwomba mama ile chupa ya asali aliyoniletea kama zawadi. Nikaenda nayo maabara, nikayeyusha kijiko kimoja katika maji ya moto, nikaacha itulie, nikachukua tone la chini, nikaliweka chini ya hadubini. Mungu wangu! Zilijaa. Zile chembe ndogo za mviringo, zisizojulikana, zimebanana kama watu kwenye boti ya Moba. Chembe ya majani ya nyika hata moja sikuiona. Nilikwenda kwenye mti nilioujua, nikachuma ua la mutondo, nikaligonga juu ya kioo, nikatazama. Ni zilezile. Nilikuwa nimezila toka utotoni. Nilikuwa nimezipaka kwenye mkate. Nikazikuta katika matope ya mababu, chache lakini zipo, nikaziita zisizojulikana.

Nililia, na sikulia kwa huzuni, nililia kwa hasira, nikipiga meza mpaka mlinzi akachungulia kuuliza kama kuna nyoka.

Nikampigia simu mtaalamu. Simu zetu mnazijua, inashika inakatika, nikapanda mpaka juu kwenye kituo cha reli nipate mtandao. Nikamwambia yote bila kupumua. Akanisikiliza kwa upole wake ule. Halafu akasema, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo, kwamba jambo hilo linajulikana. Kila mtu wa kazi yake analijua. Miti ya nyuki huwa haionekani vizuri katika matope. Ameliandika.

"Umeliandika wapi?"

"Katika ripoti. Nyuma, kwenye maelezo ya ziada."

Alijua! Mnanisikia? Alijua! Nyuma kabisa, baada ya michoro, kwa herufi za kuchosha macho, aliandika kwamba kutoonekana kwa miti hiyo si ushahidi kwamba haikuwapo. Na ukurasa wa mbele akaandika kwa herufi nene: nyika. Nikamwuliza, wewe unadhani watu wa biro wanasoma kuanzia nyuma? Akasema hawezi kuwajibika kwa namna watu wanavyosoma. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa sababu mama bado anasomewa ninachoandika.

Lakini chembe nilikuwa nazo. Tukaomba kusikilizwa tena, na nashukuru kwa hilo, tulisikilizwa. Ila kuna jambo moja nimekuwa nikilizunguka tangu mwanzo, na lazima niliseme kabla sijaendelea, la sivyo sitalisema kabisa.

Kwetu kuna chungu cha vidonda. Nyumba zenye nyuki upande ule zilikuwa nacho, siku hizi ni chache. Ni chungu cha udongo chenye mdomo mwembamba, kinakaa kwenye kona ya jikoni kisipopigwa jua. Kila unapovunwa mzinga, kabla mtu hajalamba kidole, sega la kwanza linakamuliwa mle. Asali ile haiuzwi wala hailiwi. Ni ya vidonda. Mtoto ameungua uji, mvuvi amechanwa na ndoana, mwanamke amejifungua vibaya, wanakuja na jani, wanachotewa. Unachota juu. Chini hapaguswi. Unaongeza juu, unachota juu, na chini inabaki ile ya mwenye kukianzisha, imeganda, imekuwa nyeusi, na nta na vumbi na mabawa ya nyuki. Chungu cha mama kilianzishwa na nkambo yake, bibi mzaa mama yake. Nilipokuwa mdogo mama alinionyesha kwa kijiti: hapa njo yangu, hapa njo ya mama yangu, kule chini yote njo ya nkambo.

Sasa rudi nami kwenye biro. Bwana wa biro, nimpe haki yake, hakuwa mtu mbaya. Nilibeba hadubini kwenye boksi la sabuni, nikaiweka juu ya meza yake, akainama akatazama. Alitazama matope, akatazama ua, akatazama asali. Akaniambia nirudie maneno kuhusu nyuki na upepo, akaandika. Wenzake wawili waliokaa naye nao wakatazama, mmoja akashangaa, "Ah bon," akatazama tena. Mama alikuwa amekaa wima. Niliona matumaini yanampanda shingoni.

Halafu bwana akavua miwani.

"Mama, na wewe dada, nimeelewa. Matope hayawezi kusema miti haikuwapo. Sawa. Lakini hayasemi pia kwamba ilikuwapo. Chembe zenyewe humo ni chache mno, wenye mradi watasema zimetoka mbali. Na asali hii ni ya mwaka huu. Kwamba leo kuna miti, hakuna anayebisha. Wanabisha ya zamani." Nakumbuka alikuwa anagonga meza kwa kalamu. "Ninyi watu wa nyuki. Hamna asali ya zamani? Ya wazee? Kitu kilichokaa nyumbani, ambacho kijiji kizima kinaweza kushuhudia ni cha nani? Mkiniletea hicho, na ndani yake kuna hizi chembe, mimi nasimama na ninyi."

Tulikuwa nacho, na hatuna tena.

Kwa sababu chungu nilikiosha.

Nilikuwa nimetoka kumaliza masomo. Nilikwenda kijijini na cheti changu na akili yangu mpya ya mjini, kichwa kimejaa usafi na vijidudu, nikaingia jikoni kwa mama, nikachungulia ndani ya chungu. Nikaona uchafu mweusi. Mama alikuwa shambani. Nikachemsha maji. Nikamwaga maji ya moto mle, nikaingiza mkono na sabuni na majivu na gunzi la mahindi, nikasugua. Ile ya chini ilikuwa ngumu, nikaikwangua kwa kisu. Nikaimwaga nyuma ya nyumba, kuku wakaja. Nikasugua tena mpaka maji yakatoka meupe, nikakigeuza chungu juani, nikakaa namngoja mama anisifu.

Alirudi na mzigo wa kuni. Alikiona chungu pale juani, mdomo chini. Alitua kuni. Akakaa juu yake, juu ya ule mzigo wa kuni, muda mrefu. Nikamwuliza kama amechoka. Akasema, "Ndiyo, mutoto wangu, nimechoka." Hakuniambia lolote, siku ile wala mwaka ule. Nami nikarudi mjini najiona nimeleta maendeleo.

Haya, sasa tuko biro, na mtu anauliza: hamna asali ya wazee? Nilifungua mdomo. Nataka mjue kwamba nilifungua mdomo. Lakini mbele yangu kulikuwa na hadubini yangu, na wale mabwana walikuwa wananiita dada na kuniuliza maswali kama mtu mwenye akili, na ulimi ukaganda.

Mama ndiye aliyejibu.

"Ilikuwako, Papa," alisema. "Chungu ya nkambo yangu. Kijiji yote inajua. Lakini hakuna tena. Niliiosha."

"Uliiosha, Mama? Mwenyewe?"

"Njo mimi. Niliona ni uchafu. Tuko wajinga, Papa, tunaosha vitu."

Wale wawili wakacheka kidogo, kicheko cha huruma, kama mtu anavyowacheka wamama wa kijijini. Bwana wa biro akatikisa kichwa, akasema ni hasara kubwa, akafunga faili. Na mimi nilikaa kimya. Mtu anayetaka kurusha viti, mtu aliyemtukana mtaalamu kwa simu mpaka abiria wa reli wakageuka, siku ile aliacha mama yake aitwe mjinga mbele yake na akatazama chini. Majuto ni mjukuu, husemwa. Uongo. Mjukuu wangu hakungoja mwisho, alikuja palepale akakaa nami kwenye benchi.

Nje nilimshika mkono. "Mama, kwa nini ulisema vile?"

"Weye unafanya kazi na wale watu," akasema. "Mimi sifanyi nao kazi."

Mradi umeanza. Wameanzia upande wa chini, karibu na kinamasi, na moshi wa makala, mkaa wa miti iliyofyekwa, unaonekana hata ukiwa ziwani. Mikaratusi iko kwenye vifuko vyake vyeusi, imepangwa foleni, inangoja. Baada ya miaka mingi mtu mwingine atakuja na bomba lake, atayavuta matope ya siku zetu, na hatakuta kwamba kuna kitu kimekatwa. Majani juu, majani chini. Ataandika hapakutokea jambo. Nikifikiria hilo nataka kwenda kuzichapa hadubini zote kwa shoka.

Mwezi uliopita mama alinitumia mzigo kwa boti. Nilifungua nikijua ni mihogo. Kilikuwa chungu. Kilekile, ninakijua kwa ufa wake wa mdomoni, safi kama nilivyokiacha, na chini kabisa asali imejaa vidole viwili tu. Mwenye boti alinipa na maneno ya mama, akayasema jinsi alivyoagizwa:

"Mama anasema hii njo ya mutondo ya mwisho kule juu, mwaka ujao haitakuwako. Anasema uandike jina yako ku chungu. Na anasema, usioshe."